Ni Ramani Tu

Injini ilikuwa imezima. Hilo ndilo nililoling'ang'ania wiki nzima, kila nilipomsimulia mtu: gari limesimama kwenye taa nyekundu, hendibreki nimevuta, injini imejizima yenyewe kama yanavyofanya magari ya siku hizi yakisimama, na sikuwa nikiongea na mtu yeyote. Nilikuwa naangalia ramani.

Ilikuwa Novemba 2022, mjini Coventry, Uingereza, saa kumi na mbili jioni, giza limeshaingia kama usiku wa manane na mvua ile nyembamba isiyokatika. Kazi yangu ni kutunza wazee majumbani mwao. Unamwogesha huyu, unampa chakula na dawa, unaandika kwenye simu ulichofanya, unaingia garini kwenda kwa mwingine. Siku hiyo nilikuwa na nyumba tisa. Kutoka ya sita kwenda ya saba, huko Tile Hill, ratiba ilinipa dakika kumi na mbili. Kwa asiyeijua, barabara inayozunguka katikati ya Coventry ina makutano tisa yaliyobanana, wanaoingia na wanaotoka wanapishana kwenye kipande kifupi cha lami, na ukipitwa na njia yako umepitwa. Nilipitwa. Simu ilikuwa kwenye kiti cha abiria juu ya mkoba, ikataja jina la barabara ambalo sikulisikia vizuri. Niliposhuka na kusimama kwenye taa niliichukua, nikabonyeza mara mbili kuchagua njia nyingine, nikabaki nimeishika nikingoja ijipange.

Askari wa pikipiki alikuwa upande wangu wa kulia. Hakugonga kioo. Aliinama, akatazama, na taa ilipowaka kijani akaniashiria nimfuate pembeni.

Nilimwambia ukweli kwa sababu niliamini ukweli utaniokoa. "Ni ramani tu." Nikamgeuzia simu auone mstari wa bluu. Akasema kwa upole, na upole ule bado naukumbuka, kwamba anaona ni ramani wala hana shaka nayo. Shida ni kwamba simu ilikuwa mkononi. Nikamwambia gari lilikuwa limesimama. Akasema mtu aliye kwenye taa bado anaendesha. Nikamwambia injini ilizima. Akasema imejizima, sikuizima mimi. Kisha akauliza swali ambalo uzito wake sikuujua: leseni yako ina muda gani?

"Mwaka mmoja na mwezi," nikasema, nikawahi kuongeza kwamba nimeendesha Dar es Salaam miaka kumi na moja, Mandela, Morogoro Road, Kariakoo ya Jumamosi, na sijawahi kumgusa mtu. Aliandika mwaka mmoja na mwezi.

Naandika haya kwa ajili ya swali lile. Wengi wetu tuliokuja huku tukiwa madereva hatuelewi kwamba mbele ya sheria ya Uingereza sisi ni madereva wapya. Leseni ya Tanzania inakupa miezi 12 tangu uhamie. Ya Kenya vivyo hivyo. Ikiisha, hupewi ya hapa kwa kubadilishiwa kama wanavyobadilishiwa wenye leseni za Afrika Kusini au Zimbabwe; unaanza na leseni ya kujifunzia, unafanya mtihani wa nadharia, kisha wa barabarani. Nilifaulu Oktoba 2021, nikafurahi, nikapika pilau. Siku ileile, bila mimi kuizingatia, ikaanza kuhesabika miaka miwili ya uangalizi iliyowekwa na sheria ya madereva wapya ya mwaka 1995. Dereva wa kawaida hufungiwa akifikisha pointi 12 za makosa kwenye leseni yake ndani ya miaka mitatu. Dereva mpya anafutiwa leseni akifikisha 6. Na kushika simu kwenye usukani, tangu Machi 2017, ni pauni 200 na pointi 6. Hesabu ni hiyo tu. Kosa moja linatosha.

Sikuyajua hayo pale barabarani. Nilimshukuru yule askari, nikaendelea na safari, nikafika Tile Hill nimechelewa dakika ishirini na tano. Bibi yule alikuwa ameketi gizani kwa sababu swichi ya taa iko mbali na kiti chake na miguu haimbebi. Aliniuliza kama nimepata ajali.

Barua ya faini ilipokuja nililipa siku ya pili. Kwetu mtu akikaa na deni la serikali halali usingizi, na nilidhani pauni 200 ndizo mwisho wa mambo. Wiki chache baadaye ikaja barua nyingine, kutoka idara ya leseni, ikitaja tarehe. Kuanzia tarehe hiyo leseni yangu imefutwa. Niliisoma nimesimama mlangoni na koti langu la kazi, nikaisoma tena, nikampigia shemeji yangu anisomee yeye, labda Kiingereza kimenipita. Hakikunipita.

Kufutiwa leseni si kufungiwa. Aliyefungiwa anasubiri muda wake uishe. Aliyefutiwa anarudishwa mwanzo: leseni ya kujifunzia, nadharia, barabarani, kama vile hajawahi kushika usukani. Nilikwenda kwa mwanasheria mmoja anayewasaidia watu wetu, nikamweleza kwamba nitapoteza kazi, kwamba kuna wazee wanaonisubiri, kwamba kule Tanga kuna ada za watoto wa marehemu dada. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akaniambia hoja hizo zina mahali pake, mbele ya hakimu, kwa mtu aliyefikisha pointi 12 na anayeomba asifungiwe kwa sababu ya ugumu usio wa kawaida. Kwa dereva mpya hakuna hakimu wa kumwomba. Pointi zikishaingia, idara inafuta. Haina hiari ya kumwonea mtu huruma. Na mimi kwa mkono wangu nilikuwa nimeshalipa faini, yaani nimeshakubali kosa. Aliongeza kwamba hata ningekwenda mahakamani asingeona cha kunitetea, kwa kuwa kosa lilikuwepo, na huko faini inaweza kufika pauni 1,000. Nilimshukuru kwa kutonidanganya, maana wapo ambao wangechukua pesa yangu.

Nilimwuliza pia kuhusu maneno niliyoyasikia tangu nifike nchi hii: ukiangalia ramani tu, hawana kesi. Kumbe maneno hayo yana chimbuko. Katazo la simu mkononi lilianza Desemba 2003, na lilivyoandikwa lilihusu mawasiliano. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ilipelekewa kesi ya dereva aliyepiga video eneo la ajali kwa simu yake akiwa anaendesha. Majaji wakasema kupiga video si kuwasiliana, kwa hiyo hakuvunja sheria ile, ingawa wakaonya kwamba anaweza kushtakiwa kwa makosa mengine ya udereva. Habari hiyo ilienea. Kila aliyeisimulia aliongeza lake, mpaka kwetu ikafika kama fatwa: kuongea ni kosa, kuangalia si kosa. Serikali ikaziba pengo. Tangu tarehe 25 Machi 2022, kuishika simu na kuitumia kwa lolote unapoendesha ni kosa: kupiga picha, kubadilisha wimbo, kuwasha kioo uone saa, kufungua ramani. Ukiwa kwenye foleni ni kosa. Kwenye taa, na injini imejizima, ni kosa. Hata anayemsimamia mwanafunzi wa udereva, aliyekaa kiti cha pembeni asiyegusa usukani, haruhusiwi. Waliobakizwa ni wachache: anayepiga 999 kwa dharura na hawezi kusimama salama, na anayelipa kwa simu pale kwenye dirisha la chakula gari likiwa limesimama. Mimi nilikamatwa Novemba. Miezi minane nilikuwa nimeendesha kwa kutegemea maneno ambayo hata zamani yalikuwa ya kubahatisha.

Miezi iliyofuata sitaieleza sana. Nilipewa wazee wanaofikika kwa miguu na basi, saa zangu zikapungua nusu. Watu wa karibu, watu wanaonipenda, waliniambia niendeshe tu, nani atajua? Nilikataa, na ninamwomba yeyote aliye katika hali ile akatae. Bila leseni hakuna bima, na kamera za barabarani husoma namba za magari zikipita. Kuendesha bila bima ni pauni 300 na pointi 6 nyingine, na gari wanalichukua palepale. Kosa la kushika simu linakuwa mzizi wa makosa matatu.

Leseni ya kujifunzia kwa ada yake, nadharia pauni 23, mtihani wa barabarani pauni 62, na nafasi ya mtihani iliyopatikana karibu ilikuwa Agosti 2023. Shemeji, mwenye leseni ya hapa tangu 2009, alikaa kiti cha pembeni kila Jumapili tukiwa na herufi L nyekundu mbele na nyuma. Siku moja simu yake iliita akataka kujibu. Nilimwambia, shemeji, weka chini, wewe ndiye msimamizi. Akaiweka.

Siku ya mtihani mtahini, baada ya dakika chache za mwanzo, alisema tusimame pembeni. Akatoa kifaa cha kuonyesha njia, akakiweka juu ya dashibodi, akasema kwa dakika kama ishirini zijazo nikifuate hicho. Moyo ulinipasuka. Niliogopa kukitazama. Lakini ndivyo mtihani wa hapa ulivyo tangu Desemba 2017: katika mitihani mitano, karibu minne anayefanya hufuata kifaa, na mmoja hufuata vibao vya barabarani. Serikali iliyonifutia leseni kwa ramani ilikuwa inanipima kama naweza kuifuata ramani, na nilipokaa nikafikiri baadaye nikaona hakuna mgongano hapo. Kifaa kilikuwa kimefungwa mahali pake. Njia iliwekwa na mtahini gari likiwa limesimama. Mikono yangu haikuwa na kazi nayo.

Kwenye kipilefti cha pili nilitoka njia isiyo yangu. Nikasema samahani. Akasema kukosea njia si kosa, ili mradi nimekosea kwa usalama. Kifaa kitapanga upya. Laiti ningeyasikia hayo mwaka mmoja kabla. Kilichoniponza jioni ile ya Novemba haikuwa ujeuri. Ilikuwa woga wa kukosea njia. Niliona kupitwa na makutano ni msiba unaodai kurekebishwa sekunde hiyohiyo, wakati ramani yenyewe haina haraka. Ukipitwa inakupeleka mbele kidogo na kukurudisha. Gari linalokwenda kilomita 48 kwa saa, mwendo wa kawaida wa mjini hapa, linakata mita zaidi ya 13 kila sekunde. Ukitazama kioo cha simu sekunde mbili umeendesha urefu wa mabasi mawili bila kuona. Mimi nilikuwa nimesimama, naam. Lakini nikisema ukweli wote, jioni ile haikuwa mara yangu ya kwanza kuichukua simu kutoka kwenye kile kiti, na siku nyingine zote sikuwa nimesimama.

Nilifaulu. Kipindi cha uangalizi hakianzi upya kwa aliyefaulu mara ya pili, lakini pointi hazikufutika. Nilirudi barabarani nazo sita.

Sasa kishikio cha simu kimefungwa kwenye tundu la hewa, chini, hakizibi kioo cha mbele, kwa sababu kuziba mwonekano wa barabara nako kuna pointi 3, hata kama simu hujaigusa. Natoka nyumba ya mzee, nakaa garini kwenye maegesho, naandika anwani inayofuata, naongeza sauti, naitazama njia yote mara moja ili nijue natoka upande gani. Ndipo nawasha injini. Kama ratiba imebadilika njiani, na hubadilika, natafuta mahali pa kuegesha. Nilimwambia msimamizi wangu wa kazi waziwazi kwamba ujumbe ukiingia nikiwa barabarani sitausoma, na dakika kumi na mbili kwenda Tile Hill jioni hazitoshi. Alinipa ishirini. Sikujua kwamba ningeweza kuomba tu.

Jambo jingine ambalo watu huchanganya: simu ikiwa kwenye kishikio, ramani bado si mwenye leseni. Mfanyakazi mwenzangu alifuata ramani hadi katikati ya Birmingham na dizeli yake ya zamani, akaingia eneo la hewa safi ambalo tangu Juni 2021 magari ya aina hiyo hulipa pauni 8 kwa siku. Hakujua, hakulipa, akadaiwa pauni 120, nusu yake kama angewahi kulipa ndani ya siku 14. Ramani nyingine hukupitisha kwenye njia za mabasi pekee. Na kuna mtu, mwaka 2009, huko Todmorden kaskazini mwa nchi hii, aliyefuata kifaa chake kupanda kijia cha mlimani mpaka gari likakwama ukingoni mwa genge. Alieleza kwamba kifaa kilisisitiza ile ni barabara. Mahakama ikamkuta na hatia ya kuendesha bila uangalifu. Macho ni yake.

Mwaka juzi tulikwenda msibani Köln kwa gari, watu watano, zamu ya usukani tukipokezana. Kabla ya kuvuka bahari mzee aliyekuwa nasi, aliyeishi Ujerumani zamani, alituambia tuzime kwenye simu zetu tahadhari za tochi, yaani kamera za mwendokasi. Hapa Uingereza kuonywa kuhusu kamera ni halali. Ufaransa tangu 2012 kifaa cha kufichua kamera kinaweza kukugharimu hadi euro 1,500 na pointi 6. Ujerumani dereva haruhusiwi kutumia programu kama hiyo, na mwaka 2023 mahakama ya Karlsruhe ilimhukumu dereva ambaye programu ilikuwa kwenye simu ya abiria wake. Sote watano tulizima. Njia nzima nilijiuliza ni wangapi wetu wanavuka mipaka ile kila sikukuu na simu zikiwa vilevile.

Binamu yangu anaishi San Jose, California. Juni 2025 alinitumia ujumbe wa sauti, amekasirika kwa niaba yangu, akisema yaleyale yangu yametokea kwao. Nikamwuliza, nikafuatilia. Mwaka 2012 dereva mmoja wa Fresno, hukohuko California, amekwama kwenye foleni ya matengenezo ya barabara, alichukua simu atafute njia nyingine, askari wa pikipiki akamwandikia. Nilipolisikia hilo nililia kidogo, kwa jinsi lilivyofanana na langu. Yeye alikata rufaa na mwaka 2014 akashinda: sheria yao wakati ule ilihusu kuongea na kusikiliza, na ramani si maongezi. Kisha bunge lao likaandika upya; tangu Januari 2017 simu lazima iwe kwenye kishikio, na dereva anaruhusiwa kuigusa mara moja tu au kuitelezesha mara moja. Na mwaka 2025 mahakama ya rufaa hukohuko kwa binamu yangu ikasema kuishika simu mkononi kutazama ramani, hata bila kubonyeza chochote, ni kuitumia. Nchi mbili, bahari katikati, na sheria zikapita njia moja: kwanza ziliuliza unaongea na nani, mwishoni zikauliza mkono wako uko wapi. Binamu anaona ni uonevu. Mimi siwezi kusema hivyo tena. Nimeogesha mzee mmoja aliyegongwa na gari mwaka 1998 na hajatembea tangu hapo. Aliyemgonga alikuwa anatafuta barabara kwenye kitabu cha ramani alichokipakata.

Mdogo wangu yuko Dubai, anaendesha gari la kampuni. Huko ni dirham 800 na pointi nyeusi 4, ananiambia hawabishani nawe. Kaka yangu mkubwa Dar anafanya teksi ya mtandaoni, simu anaiweka juu ya paja. Nilimtumia kishikio na mtu aliyekuwa anakwenda likizo Desemba. Kwanza alicheka, akasema wazungu wamenitia woga. Nikamsimulia barua ile ya mlangoni, tangu mwanzo, jambo ambalo sikuwa nimemwambia. Nilikuwa nimeona haya. Alinyamaza. Jioni akanipigia kuuliza kama kile kishikio kinakaa sawa kwenye gari lisilo na tundu la hewa la katikati, tukatafuta pamoja mahali pa kukiweka.

Kwenye leseni yangu kosa limeandikwa kwa alama CU80. Itaondoka Novemba 2026. Kampuni za bima nyingi huuliza makosa ya miaka mitano, kwa hiyo kwenye fomu zao nitaendelea kuandika ndiyo hadi Novemba 2027.